Kikombe cha Hagi kinavyobadilika rangi

Habari za nyumbani, ndugu zangu! Wakubwa, shikamooni. Ngoja nikisogeze kikombe hiki kwenye kamera. Mnaiona mistari hii, kama utando wa buibui? Nilipokinunua hapa Hagi, mkoa wa Yamaguchi, Japani, haikuonekana kabisa. Kilikuwa cheupe kama tui. Mwaka wa pili huu nakinywea chai ya kijani kila asubuhi, na ni hiyo chai iliyoichora.

Siri ni udongo. Wafinyanzi wa hapa hutumia udongo wenye chengachenga uitwao daido, ambao haukazani sana hata ukitoka jokoni. Juu hupakwa tabaka la kung'aa. Hili jeupe hutokana na majivu ya mabua ya mpunga. Kikombe kikipoa, tabaka hilo husinyaa kuliko udongo, likapasuka vinyufa vyembamba kama nywele. Chai hupenya humo taratibu. Wajapani husema chombo cha Hagi hubadilika mara saba.

Siku za mwanzo kilivuja mezani, nikadhani nimeuziwa kibovu. Mama wa dukani akaniambia nikaloweke kwenye maji yaliyooshea mchele, wanga uzibe. Nikamkumbuka bibi na mtungi wake mpya, ulivyokuwa ukitoka jasho!

Halafu hakina mkono. Unakikumbatia kwa viganja viwili, na kama viganja havistahimili, basi chai bado ni ya moto mno. Chai hii inataka maji ya nyuzi 70 au 80 hivi, yakichemka inakuwa chungu.

Lakini ufundi huu haukuja kwa heri. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, aliivamia Korea mwaka 1592, akarudia 1597, na mabwana wa vita wakarejea na wafinyanzi wa kule. Ukoo wa Mōri, mabwana wa eneo hili, ulikuwa na wafinyanzi wawili Wakorea, ndugu Ri Shakkō na Ri Kei. Mōri walipohamia Hagi mwaka 1604, joko likajengwa hapa. Mimi nimekuja kwa hiari yangu, na bado kuna usiku nalia kwa kukumbuka nyumbani. Wale ndugu je? Kila nikikishika huwa nawawaza.

Mkipata kimoja, msikifungie kabatini kikiwa na unyevu, kitaota ukungu. Changu hulala hapa dirishani, hapa hapa mnapokiona kila video.