Alama za Vidole za Dereva wa Basi: Swali Zinalojibu na Maswali Zisiyoyajibu

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wazazi, na ndugu zetu wa sekta ya usafirishaji,

Nimeombwa nizungumzie uchunguzi wa alama za vidole kwa madereva wa mabasi ya shule na ya abiria. Nitaanza na swali ambalo uchunguzi huo unalijibu, kwa sababu mabishano mengi juu yake hutokana na watu kuutarajia ujibu swali jingine. Alama za vidole hujibu swali moja tu: huyu aliyeketi mbele yetu ni nani katika kumbukumbu za polisi na mahakama? Hazisemi kama ni mwema, wala hazitabiri atakalolifanya kesho.

Hata hivyo, swali hilo si dogo. Jina hubadilishwa baada ya ndoa, huandikwa kwa tahajia mbalimbali, na lingine hubebwa na maelfu ya watu waliozaliwa mwaka mmoja. Ripoti ya kikosi kazi kilichoundwa nchini Marekani, iliyotolewa mwaka 1999, ililinganisha njia mbili za ukaguzi na kuonyesha kwamba kati ya watu ambao alama za vidole zilithibitisha kuwa na kumbukumbu za jinai, asilimia 11.7 hawakuonekana walipotafutwa kwa jina peke yake. Na kati ya wasiokuwa na kumbukumbu yoyote, asilimia 5.5 walihusishwa kimakosa na makosa ya watu wengine. Takwimu ya pili huwa inasahaulika, ilhali inamhusu dereva asiye na hatia anayenyimwa kazi kwa sababu ya mtu anayefanana naye jina.

Uingereza ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Ian Huntley, aliyewaua wasichana wawili wa umri wa miaka 10 huko Soham mwaka 2002, alikuwa mtunzaji wa majengo ya shule ya sekondari na aliiomba kazi hiyo kwa jina la Nixon. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Michael Bichard, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2004, ulibaini kasoro katika namna majina yake yalivyokaguliwa. Lakini ulibaini pia kwamba tuhuma nyingi za awali dhidi yake hazikutunzwa ipasavyo na polisi wa eneo alikotoka. Hapo ndipo wanaotetea alama za vidole, nami nikiwa mmojawao, tunapaswa kuwa wakweli: kidole hakiwezi kufichua faili ambalo halipo.

Na hata lililopo huenda halijakamilika. Ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilieleza kwamba takriban nusu tu ya kumbukumbu za FBI, shirika la upelelezi la taifa hilo, ndizo zilizokuwa na matokeo ya mwisho ya kesi. Mtu alikamatwa, akaandikwa, kisha mashtaka yakafutwa, lakini kufutwa huko hakukuingizwa. Mwajiri akiona neno «alikamatwa» bila kuona mwisho wake, hukumu anaitoa yeye. Kwa hiyo, utaratibu wowote usiompa mwombaji nafasi ya kuiona taarifa yake na kuisahihisha kabla ya kukataliwa ni utaratibu wenye dhuluma ndani yake, hata kama skana ni ya kisasa kiasi gani.

Tuitazame kazi yenyewe pale mezani. Kila kidole huviringishwa kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi mwingine, kisha vidole vinne vya kila mkono hubanwa kwa pamoja, halafu dole gumba. Inaonekana rahisi mpaka afike mzee aliyefanya kazi ya uashi maisha yake yote kabla ya kushika usukani. Mistari yake imelika kwa saruji na ngozi imekauka. Skana inaikataa picha mara ya kwanza, inaikataa tena. Mpigaji mwenye uzoefu atamwambia anawe, atampaka losheni kidogo, atasubiri, kisha atapunguza mgandamizo. Asiye na uzoefu atabonyeza kwa nguvu zaidi na kuiharibu kabisa. Ndiyo maana FBI inaruhusu kutumia ukaguzi wa jina pale alama zinapokataliwa mara mbili kwa ubora hafifu.

Sasa niseme jambo linalonishangaza. Sheria ya taifa nchini Marekani inamtaka dereva wa lori la petroli apigwe alama za vidole kabla ya kupewa idhini ya kubeba shehena ya hatari. Kwa dereva wa basi la shule, jambo hilo limeachiwa majimbo, na baadhi, kama New York na California, yanalidai. Mafuta yamelindwa na taifa zima, watoto wanategemea jimbo wanalosoma.

Je, dereva wa basi la mjini naye adaiwe vivyo hivyo? Mimi naona hapana haja ya uzito uleule. Mtoto wa kwanza kupanda basi la shule asubuhi na wa mwisho kushuka jioni hubaki peke yake na dereva. Abiria wa mjini huwa katikati ya macho mengi. Hatari kubwa zaidi kwa huyu wa pili ni dereva mlevi, aliyechoka, au aliyefungiwa leseni, na hayo hubainishwa na rekodi ya leseni na vipimo vya pombe na dawa za kulevya, ambavyo Marekani imevidai kwa sheria tangu mwaka 1991.

Jambo ambalo wengi hulipita ni siku inayofuata ajira. Dereva aliyechunguzwa leo akakutwa safi anaweza kukamatwa mwakani katika mji mwingine, na shule isijue. Tangu mwaka 2014, FBI ina utaratibu ambao alama zilizosajiliwa hubaki kwenye mfumo na mamlaka husika hupewa taarifa pindi mwenye alama hizo anapokamatwa. Bila ufuatiliaji wa namna hiyo, cheti cha uchunguzi huzeeka kuanzia siku kinapotolewa.

Wasisahaulike pia madereva wa akiba, wasaidizi wa ndani ya basi, na wale wanaoletwa na kampuni za kukodi, ambao mara nyingi huingia kwa simu ya alfajiri dereva mwenye zamu anapougua. Mkataba wa kukodi utaje kwamba hakuna atakayeshika usukani ambaye jina lake halimo katika orodha ya waliochunguzwa, na orodha hiyo ikae ofisini kwa mkuu wa shule, si kwa kampuni peke yake.