Waya Ghali wa Spika Unakupa Nini?

Ndugu zangu, mmeniuliza kama waya wa spika wa bei kubwa una thamani ya pesa yake. Jibu langu ni hapana. Linaniuma jambo hili, maana watu wanaopenda muziki kwa dhati ndio wanaotozwa.

Waya huu una kazi ya kufikisha umeme kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika. Kinachoupunguza njiani ni ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, nao hutegemea urefu wa waya, unene wake na madini yake. Tupige hesabu. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, umbali wa mita 5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo unapita mita 10 za shaba. Ukinzani wake ni takriban omu 0.07 (omu ni kipimo cha ukinzani), na spika yako ni ya omu 8. Sauti inayopotea haifiki hata desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hutaisikia. Sasa chukua kiwaya chembamba cha milimita za mraba 0.5. Kwa umbali uleule ukinzani unafika omu 0.34, na kwenye spika ya omu 4 unapoteza kama desibeli 0.7. Tena ukinzani wa spika hupanda na kushuka kufuatana na masafa ya sauti, yaani kama ni nene au nyembamba, hivyo waya mwembamba hufifisha sauti fulani kuliko nyingine. Hapo tofauti ipo, siikatai. Dawa yake ni unene.

Na waya wa fedha je? Madini ya fedha hupitisha umeme kuishinda shaba kwa asilimia 6 hivi tu. Cha kuogopa ni alumini iliyovikwa shaba, maana hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu: kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, uache.

Wapo humu waliobadilisha waya wakasikia muziki umefunguka. Siwaiti waongo. Ila sikio husahau upesi, na anayejua bei husikiliza akiwa na matumaini. Mwambie mwenzako abadilishe waya bila wewe kujua upi umefungwa, sauti ikiwa kiwango kilekile, kisha utaje upi ni upi, mara nyingi.

Pesa itakayobaki inunue spika bora, au zulia na mapazia mazito ya kupunguza mwangwi wa chumba. Na mnapofunga, fuateni mstari uliochorwa ubavuni mwa waya, chanya iende kwa chanya kwenye spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, koni yake, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti, huvuta wakati ya pili inasukuma, na besi hupotea.