Nimepita mtihani wa nesi praktishona, na nilisomea kwenye voisi za Kiswahili kwa mama

Hamjambo jamani, karibuni tena, leo niko jikoni kwangu hapa Minnesota, nje theluji imefunika ngazi zote, na nimekaa na hii karatasi hapa mkononi, mnaiona? Nimepita. Nimepita jamani, wiki ya tatu hii na bado nikiamka naenda kuiangalia kwanza ndo nachemsha chai.

Meseji zenu nimezisoma zote, wengi mnauliza dada ulisoma vipi, ulitumia kitabu gani. Nitawaambia, ila nianze na wale wanaouliza nesi praktishona ndo nini, si wewe ni nesi tayari? Huku ni nesi aliyerudi shule akachukua mastazi au zaidi, akapita mtihani wa bodi akapata leseni ya jimbo, sasa anapima mgonjwa, anasema huu ni ugonjwa gani, anaandika dawa mwenyewe. Kwa nyumbani mfikirie tabibu wa kituo cha afya, kazi zinakaribiana japo njia ya kufikia ni nyingine. Ilianzia Colorado mwaka 1965, nesi anaitwa Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo kwa sababu kulikuwa na watoto wengi wasiofikiwa na daktari. Siku nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikakaa kimya, maana mimi nimekulia Kondoa vijijini, daktari tulikuwa tunamsikia tu kwa watu.

Njia yangu mnaijua, nilianza kuosha wazee kwenye nyumba ya wazee, shifti za usiku, nikasoma unesi, nikafanya kazi wodini miaka, nikarudi shule huku nafanya kazi. Sitairudia.

Mtihani wenyewe sasa. Wa nesi praktishona wa familia, yaani anayetibu watu wa rika zote, unatolewa na bodi mbili, AANPCB na ANCC, unachagua mmoja na wote wanakubalika. Mimi nilichukua AANPCB, maswali 150 ndani ya saa 3, na humo 15 hayahesabiwi, wanayafanyia majaribio tu, lakini hujui ni yapi kwa hiyo unayajibu yote kwa nguvu ileile. Alama ya kupita ni 500 kwenye kipimo cha 200 mpaka 800.

Na mara ya kwanza nilifeli. Nasema hapa kwa sababu kuna mtu ananiangalia saa hizi amefeli wiki iliyopita na hajamwambia hata mumewe. Mimi nilikaa kwenye gari pale nje ya kituo cha mtihani injini imezimwa, baridi inaingia, mpaka vidole vikafa ganzi. Ukifeli wanakutaka usome angalau saa 15 za masomo kwenye maeneo uliyoangukia kabla hujarudi, na kwa mwaka mmoja wanakuruhusu mara mbili tu, basi unajua ukirudi unarudi na nafasi moja.

Nikajiuliza kwa nini nimefeli, maana maelfu ya maswali ya mazoezi nilikuwa nimeyafanya. Jibu nililipata kwenye kupe.

Ndiyo, kupe huyuhuyu. Kuna swali la mazoezi mtu ametoka kutembea msituni, ana homa, mwili unauma, ana doa kwenye ngozi. Akili yangu ikisikia homa na mwili kuuma inakimbilia malaria, ndivyo nilivyolelewa, na kupe mimi nilimjua wa ng'ombe, baba alikuwa anatuamsha alfajiri tupeleke ng'ombe kwenye josho. Huku Minnesota kupe anaambukiza watu ugonjwa wa Lyme, na mimi jibu nilikuwa NIMELIKARIRI, doa jekundu lenye duara kama shabaha, dawa yake doksisaiklini, basi. Wakibadilisha swali kidogo tu napotea. Halafu picha zote za lile doa nilizosomea zilikuwa kwenye ngozi nyeupe, wakati kwenye ngozi kama yangu linaweza kuonekana kama mtu amevilia damu tu, hata huo wekundu huuoni. Nikasema kumbe mimi sijui huu ugonjwa, najua picha yake.

Basi nikaanza kitu ambacho sikukipanga. Mama yangu yuko Kondoa, ana presha, na alikuwa anakohoa kikohozi kikavu miezi na miezi, amepimwa makohozi hamna kitu, amepigwa picha ya kifua hamna kitu, majirani wanasema vumbi. Usiku mmoja nasoma dawa za presha nafika kwenye enalapril, madhara yake, kikohozi kikavu. Nikampigia hapohapo, mama ile dawa yako ya presha soma jina kwenye boksi. Akaanza kusoma herufi moja moja, E, N, A, L... jamani nilishika meza.

Nikamwambia usiiache mwenyewe, nenda hospitali na boksi mkononi uwaambie kikohozi kilianza lini. Akauliza, kwa nini dawa ya presha inikohoze mimi? Na mimi niliyejua jibu la mtihani nikakosa la kumwambia. Ikabidi nirudi kusoma mpaka nikaweza kumtumia voisi, mama, kuna kimeng'enya mwilini kinachangia mishipa ibane, hiyo dawa inakizuia kwa hiyo presha inashuka, ila hichohicho ndo huwa kinaondoa kemikali nyingine, sasa kimezuiwa ile kemikali inajaa kwenye njia ya hewa inakukereketa. Akasema aaa, kama kumzuia mfagiaji ukumbini, uchafu unabaki. Nikasema mama ndiyo hivyo. Hospitali wakambadilishia losartan, na wiki ya tatu kikohozi hakipo.

Tangu siku hiyo kila ninachosoma namtumia voisi dakika tatu nne, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, na nikishindwa kukisema kwa Kiswahili najua sijakielewa, narudi. Kiingereza kilikuwa kinanificha, unasema neno kubwa unajiona unajua. Mfano mzee wa miaka 70, kichwa kinamuuma upande kwenye panja, akitafuna taya linauma, swali linakuuliza utafanya nini KWANZA. Zamani ningechagua kipimo, mpeleke wakakate kinyama wapime. Lakini nilipomweleza mama kwamba mshipa wa damu pale kwenye panja umevimba na ulio karibu yake ndo unaolisha jicho, mama mwenyewe akasema si mumpe dawa mtu asipofuke, kipimo kitafuata? Ndilo jibu, unaanza stiroidi kwanza, dawa ya kushusha ule uvimbe. Lile neno kwanza lilikuwa limeniangusha maswali mengi sana.

Vitabu nitawaandikia kwenye maelezo chini, ni vya kawaida, kila mtu anavyo. Na mnaofikiria kuhamia majimbo mengine muangalie sheria mapema, hapa Minnesota tangu 2015 ukimaliza saa 2,080 za kuanzia kazi pamoja na wazoefu unajitegemea, Texas lazima uwe na mkataba na daktari, msije mkasoma mkakwama.

Siku ya mtihani niliingia asubuhi, wanakukagua mpaka mikono ya sweta, swali la kwanza moyo, unasikiliza mlio gani unaelekea shingoni, na nikajisikia namwambia mama mlango wa mshipa mkubwa umekuwa mwembamba, damu inapita kwa shida huku inapiga kelele kuelekea juu. Nikaenda hivyohivyo mpaka la 150. Dada wa mapokezi akanipa karatasi imekunjwa, nikaifungulia pale kwenye mlango watu wanapita, PASS.

Huku saa sita mchana, Kondoa saa tatu usiku. Nikatuma voisi, nalia tu, sijui hata alinielewa. Baada ya muda akajibu, sauti yake ile ya usiku ya taratibu, "Mwanangu hongera, Mungu ametenda, nimemwamsha baba yako. Sasa lile la masikio ya watoto juzi hukulimalizia, na hapa mjukuu wa jirani analia sikio tangu jana."

Nikawasha gari lipate joto, nikalimalizia.