Dakika 40 za sayansi kwenye ACT: zinapotelea wapi? (mazungumzo na wanafinalisti, Bukavu)

Jambo wadogo zangu, asanteni kwa kufika, najua wengine mumepanda kwa miguu toka Kadutu na haya matope ya mvua ya usiku. Baba na mama muliowasindikiza watoto, karibuni sana.

Niingie moja kwa moja. ACT, hii tesiti ya Wamarekani ya kuingia chuo kikuu ambayo munaitayarisha pamoja na Exetat, mtihani wetu wa serikali wa kumaliza sekondari, iko na sehemu ya sayansi, maswali 40 kwa dakika 40. Zamani zilikuwa dakika 35, walibadilisha mwaka 2025, na sasa hiyo sehemu ni ya kuchagua, haiingii tena kwenye pointi ya jumla. Mimi nasema anayetaka uinjinia ao udaktari aifanye tu, na aulize chuo chake kinataka nini. Zile fotokopi za dakika 35 tulizo nazo musizitupe, maswali ni ya aina ileile.

Sasa piga hesabu, ni dakika moja kwa swali, na hapo njo wengi munaanza kuogopa. Lakini mimi nimekaa na wanafunzi wengi, saa mkononi, nikaangalia dakika zinaenda wapi, na haziendi kwenye kujibu, zinaenda kwenye kusoma. Sisi tumezoea kukopi somo kwenye daftari na kulimeza toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa hiyo mtoto akipewa maelezo ya jaribio anaanza juu kabisa, anasoma chumvi ilikuwa gramu ngapi, chupa ilisafishwa na nini, akifika kwenye swali dakika 3 zimeisha na swali lenyewe linauliza tu kama mstari wa grafiki ya 2 unapanda ao unashuka.

Nitoe mfano wa hapa kwetu. Nilichora grafiki ya ziwa Kivu, kina upande mmoja, joto upande mwingine, nikauliza: toka mita 100 mpaka 400 joto linafanya nini? Binti mmoja, mwerevu kweli, akajibu papo hapo linashuka, sababu kila aliyeogelea anajua maji ya chini ni baridi. Kisha akapata wasiwasi, akarudi juu kusoma maelezo yote, zikaisha dakika 4. Na grafiki iko mbele yake inaonyesha joto linapanda! Na ni kweli linapanda, kwenye Kivu ukipita kama mita 80 maji yanazidi kuwa na joto, kule chini kabisa yanakaribia digrii 26, maana kuna chemchemi za moto zinazoingia kwa chini, na chumvi na gesi zinafanya yale maji kuwa mazito, hayapandi juu. Hiyo sababu ni tamu, ningeweza kuizungumzia mpaka jioni, lakini swali halikuuliza sababu, liliuliza mstari.

Kwa hiyo anza na swali. Swali likitaja tablo ya 1, nenda tablo ya 1, soma kichwa chake, soma vipimo, tafuta namba, jibu, toka. Maelezo utayarudilia pale tu swali linapokulazimisha, mara nyingi ni pale wanapouliza mtafiti alibadilisha nini na aliacha nini vilevile. Kuna fungu moja tu, yaani maelezo pamoja na maswali yake, ambalo utalisoma lote, lile la wanasayansi wanaobishana, mmoja anasema hivi mwingine anasema vile, halina grafiki nyingi, ni maneno matupu. Hilo mimi naliacha mwisho, hata likitokea katikati.

Halafu lugha, na hapa nawaonea huruma kweli. Mashi nyumbani, Kiswahili njiani, Kifaransa masomoni, na tesiti ni kwa Kiingereza, sasa mtu anatafsiri kila sentensi kichwani mara mbili. Usitafsiri sentensi nzima. Jua vizuri maneno ya kuongezeka, kupungua, kubaki vilevile, zaidi ya, chini ya, na yale mengine ya sayansi mengi yanafanana na ya Kifaransa, utayatambua hata kama hujawahi kuyasikia.

Swali likikushinda, sekonde 60 zikipita, chagua jibu moja uende. Kosa halikatwi pointi, kwa hiyo usiache hata swali moja wazi. Na mujizoeze kwenye skrini, sababu nje ya Marekani tesiti hii inafanywa kwenye kompyuta, kidole hakifuati mstari kama kwenye karatasi, macho yanachoka mapema. Kama umeme umekatika, fanya kwenye karatasi, lakini saa iwe mbele yako.

Haya, kila mtu ana karatasi? Ni fungu moja, maswali 6. Wekeni simu kwenye dakika 6, musiguse maelezo ya juu, tuanze na swali la kwanza.