Cabaret (1972): Muvi ya Kuimba kwa Wasiopenda Muvi za Kuimba

ZUHURA: Haya karibuni tena jamani, mimi Zuhura, niko na kaka yangu Baraka ambaye leo kaja na sura ya mtu aliyeburuzwa.

BARAKA: Nimeburuzwa kweli. Dada, mimi na muvi za kuimba hatupikiki chungu kimoja, mtu katoka zake dukani na mkate ghafla anaanza kuimba na barabara nzima inacheza naye, hizo stepu wamefundishana saa ngapi?

ZUHURA: Ndo maana nikakuchagulia Cabaret ya Bob Fosse. Ilianza kama tamthilia ya jukwaani Broadway, kule New York, mwaka 1966, nyimbo za John Kander na Fred Ebb, na kule watu waliimba mpaka vyumbani kwao. Fosse alipopewa muvi akafyeka, akabakiza zile zinazoimbwa na wasanii klabuni, Kit Kat Klub, Berlin ya 1931. Muvi yake ya kwanza, Sweet Charity, ilikuwa imebuma vibaya kwahiyo alikuwa anahitaji hii itoke.

BARAKA: Kasoro wimbo mmoja.

ZUHURA: Tulia tutaufikia. Wape stori kwanza.

BARAKA: Stori fupi. Sally Bowles, Liza Minnelli huyo, Mmarekani anayeimba klabuni na anaota ustaa wa sinema. Anakuja Mwingereza mmoja, Brian, anapanga chumba nyumba hiyohiyo, anafundisha Kiingereza apate hela ya kodi, wanapendana. Halafu anaingia tajiri Maximilian anawazuzua kwa hela zake wote wawili, na nikisema wote wawili nielewe hivyohivyo. Pembeni kuna Fritz anamfukuzia Natalia, binti tajiri wa Kiyahudi, kumbe na yeye Fritz ni Myahudi anajificha. Basi. Mimi nilikuwa nangoja Hitler atokee kwenye mimbari anafoka, hatokei ng'o.

ZUHURA: Hatokei, na ndo utamu wake. Mwanzoni kabisa meneja wa klabu anamtoa nje Nazi mmoja, wale wa chama cha Hitler, kinyaa tu, kama mlevi msumbufu. Mbele kidogo meneja huyohuyo anapigwa huko nje, na muda huohuo steji wanacheza ile ngoma ya Kibavaria, ya kusini mwa Ujerumani, ya kujipiga mapaja na kupigana makofi, kamera inaenda huku inarudi huku, kofi la ndani, ngumi ya nje, na wateja wanacheka wanakunywa.

BARAKA: Pale nilikaa vizuri kwenye kiti.

ZUHURA: Na historia iko sawa. Uchaguzi wa 1928 Manazi walipata asilimia 2.6, watu wakawaona kichekesho, uchumi ukaanguka, ajira zikaota mbawa, Septemba 1930 wakapata asilimia 18.3 na viti 107. Kwahiyo hawa wanaocheza klabuni mwaka 1931, Nazi tayari ni chama cha pili bungeni.

BARAKA: Na Maximilian anasema kabisa, hawa wahuni tu, waacheni watumalizie wakomunisti, sisi tutawadhibiti baadaye. Nikajisemea huyu mwandishi kazidisha, hakuna tajiri mjinga hivyo.

ZUHURA: Wakubwa wa kweli walifikiri hivyohivyo! Mwanasiasa Franz von Papen alisaidia Hitler kupewa ukansela, yaani ukuu wa serikali, Januari 30, 1933, yeye akawa naibu akiamini atamshika mkono. Haya sasa, sema ule wimbo.

BARAKA: Aisee. Brian na Maximilian wako nje ya mji, baa ya wazi, jua linawaka, familia zinakunywa bia. Kijana anaanza kuimba, sura nzuri, sauti safi, anaimba mambo ya jua na msitu, mimi mwenyewe natikisa kichwa, nasema huu ndo wimbo mzuri kuliko yote humu. Kamera inashuka polepole, shati la kahawia, mkononi kitambaa cha swastika, nembo ya Manazi. Nikaacha kutikisa kichwa. Halafu anasimama binti, anasimama mwingine, wazee kwa vijana, na sauti inabadilika, ule upole umeisha sasa wanaimba kwa hasira, mishipa imewatoka, na kijana anavaa kofia ananyoosha mkono.

ZUHURA: Na yule mzee?

BARAKA: Mzee mmoja kabaki kwenye benchi anawaangalia tu kama mtu aliyeshuka kituo sicho. Brian anamuuliza mwenzake, bado unadhani mtawadhibiti? Jamaa anainua mabega.

ZUHURA: Na waliotunga ni Kander na Ebb, Wayahudi wote wawili, ila walivyoupatia watu kibao waliamini ni wimbo halisi wa Manazi wa zamani. Maana ungekuwa mbaya usingekunasa.

BARAKA: Sasa yule MC wa klabu naye, anayechezwa na Joel Grey, mashavu mekundu, meno nje, humjui yuko upande gani. Anacheza na sokwe kavalishwa gauni, anaomba watu waheshimu penzi lao, ukumbi unacheka, na mimi nacheka, mstari wa mwisho anasema kwa macho yake huyu hafanani na Myahudi hata kidogo. Kicheko kikanikwama.

ZUHURA: Ule mstari Broadway ulibadilishwa baada ya watazamaji Wayahudi kulalamika, waliona unawatukana wao, Fosse akaurudisha kwenye muvi. Mimi naona alifanya sawa, ukiutoa unabaki na sokwe tu.

BARAKA: Ila Sally simsamehi. Nchi inaungua yeye na rangi za kucha.

ZUHURA: We ulitaka afanye nini, bibie wa watu hana kodi?

BARAKA: Hata aondoke! Brian kaondoka.

ZUHURA: Brian ana kwao pa kurudi. Sally baba yake hamjali, mimba katoa, koti lenyewe la manyoya limeshaenda. Klabu ndo kwake. Anapoimba ule wimbo wa mwisho naona mtu anayejishawishi mwenyewe.

BARAKA: Anajishawishi vizuri sana, yule mama anaimba jamani, mimi nilisimama peke yangu sebuleni. Lakini bado simsamehi.

ZUHURA: Basi chukua hii ulale nayo, we mpenzi wa The Godfather. Oscar za mwaka ule, Cabaret ilibeba 8, The Godfather 3.

BARAKA: Ila muvi bora?

ZUHURA: The Godfather, sawa. Dairekta bora Fosse, Coppola wa The Godfather kaachwa. Na mwigizaji msaidizi walisimama Al Pacino, James Caan na Robert Duvall, watatu wote wa kwako, akashinda MC wetu wa mashavu mekundu.

BARAKA: Zima maiki.