Nukta Mbili Si Mtu

Asalaam aleikum, wazee wangu, akina mama na vijana. Nitaanzia pale pale ninapoanzia kila mara, na waliokwisha kunisikia wanivumilie. Hofu ya watu ni kwamba ndege hizi zisizo na rubani zinaona kila kitu. Mimi hofu yangu ni kwamba zinaona kidogo, na aliyekaa mbele ya kioo cha kuonyesha picha zake anaamini ameona yote.

Tushike hesabu. Kamera ya joto, ile inayoona joto badala ya mwanga, kwa kawaida ina nukta 640 kwa 512, yaani vitone vinavyojenga picha. Iweke kilomita 5 kutoka kwa mtu, lenzi ikiwa imefunguka digrii 2. Picha nzima inachukua upana wa kama mita 175, kwa hiyo kila nukta ni sentimita 27. Mabega ya mtu mzima ni nusu mita. Ni nukta mbili hizo! Basi ibane lenzi mpaka nusu digrii: nukta inakuwa kama sentimita 7, mabega yanapata nukta saba. Fimbo yenye unene wa sentimita 3 haijai hata nukta moja. Kasia, mkongojo, bunduki, vyote ni kijimstari kimoja. Tena ukibana hivyo unaona upana wa mita 44 tu; madrasa iliyo mita 60 pembeni haipo kwenye kioo.

Wanajeshi wenyewe wanavijua vigezo vya John Johnson vya mwaka 1958. Kwa makadirio, nukta 2 zinakwambia kuna kitu, 8 ni kitu cha aina gani, 13 ni kipi hasa. Na hapo uwezekano wa kupatia ni nusu kwa nusu.

Kuna anayesema, kamera za leo ni bora. Ni bora, ndiyo. Lakini kamera ikiwa bora, ndege hupandishwa juu zaidi isionekane wala isisikike, na hesabu inarudi pale pale. Halafu hewa ya pwani haisomi vipeperushi vya watengenezaji. Mvuke unameza joto kabla halijafika kwenye lenzi. Karibu na Magharibi, ardhi iliyochomwa na jua mchana kutwa inalingana joto na ngozi ya mtu, na picha inafifia. Ni saa hiyo hiyo watu wanatoka majumbani kwenda msikitini.

Sasa twende Tudun Biri, jimbo la Kaduna, Nigeria. Usiku wa Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, wanakijiji walikuwa kwenye Maulidi. Nasema Maulidi, na nyinyi hapa hamhitaji kuelezwa Maulidi ni nini. Ndege ya jeshi ikawapiga. Walionusurika walisema bomu la pili liliwapata waliokimbilia kuokoa. Waliokufa hawapungui 85. Jeshi lilikiri na kuomba radhi, na maelezo yake yalikuwa kwamba waliona mkusanyiko wa watu, wakausoma mwenendo wao vibaya, wakadhani ni majambazi.

Lishikeni hilo neno, mwenendo. Chukueni Maulidi ya kijijini kwetu, muyatazame kutoka juu usiku. Wanaume wamekaa safu kwa safu, madoa meupe yamebanana. Wanawake wako upande wao, kundi la pili. Pikipiki zimeegeshwa pembeni, injini bado za moto. Nyuma, masufuria ya pilau yanawaka kuliko kitu chochote. Kasida haisikiki, dufu halisikiki. Aliyeambiwa asubuhi kwamba eneo hili lina magaidi ataona nini? Ataona kambi. Picha haikumdanganya, alikuja na jibu lake mfukoni.

Kabul ilikuwa hivyo hivyo, tarehe 29 Agosti 2021. Wamarekani waliifuata Toyota Corolla nyeupe karibu saa nane nzima. Wakaipiga, wakaua raia 10, saba kati yao watoto. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada, na mitungi waliyoishuku ilikuwa ya maji. Mnajua kilichosaidia ukweli kutoka? Kamera ya ulinzi ya ofisini kwake, ambayo waandishi wa New York Times waliipata, ikimwonyesha akijaza maji. Kamera ya ukutani iliisahihisha ile ya angani.

Mtu ataniuliza, na al-Shabaab je? Nimewataja mimi? Tarehe 5 Januari 2020 walishambulia kambi ya jeshi ya Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu. Hakuna anayesema mpaka usilindwe. Wa pili atasema, nyingi ya ndege hizi hazibebi silaha. Picha haihitaji kubeba silaha. Inapelekwa kwa aliye nayo. Vilevile kumfuatilia mtu kwa laini ya simu: hapa simu moja inatumiwa na baba, mama na kijana, kisha inakwenda baharini na nahodha. Anayefuatiliwa ni nani hapo?

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo sheria naipitia mbio. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 51, inaachia mlango kwa jina la usalama wa taifa. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa usafiri wa anga wa kimataifa, ibara ya 3, hauzigusi ndege za dola. Kwa hiyo tudai rekodi: nani aliirusha, saa ngapi, video ihifadhiwe muda gani, na familia iione kwa amri ya nani.

Na shambulio likitokea kwenu, andikeni saa na mahali siku hiyo hiyo. Vipande vya chuma mvipige picha vilipo, na rula au sarafu pembeni, kabla ya kuokota; kisichoeleweka msikiguse, huenda hakijalipuka. Picha msizitume WhatsApp kama picha, maana inazibana na kufuta saa na mahali zilipopigwa. Tumeni kama faili, na simu iliyopiga iwekeni, msiiuze. Maswali yaanzie kwa akina mama kule nyuma.