Mkono Usiopanda: Mhadhara kwa Kikundi cha Wenye Kisukari

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi mliowasindikiza wazazi wenu, hamjambo?

Kabla sijaanza, naomba kila mmoja abane viwiko ubavuni na kuvikunja, viganja vitazame juu, kama mtu aliyebeba sinia. Sasa, bila kiwiko kuachana na ubavu, fungueni mikono iende nje, huku na huku. Basi, nimewaona. Wengi imefunguka sawasawa. Wachache, mmoja umefunguka na wa pili umegoma njiani. Ambao umegoma, nawaomba msiondoke leo kabla hatujaonana.

Kazi yangu ni mazoezi tiba; hospitalini tunaitwa watu wa fiziotherapia. Nimeupokea mwaliko wenu kwa furaha kwa sababu kuna jambo linaniuma. Mgonjwa ananijia bega limekakamaa miezi minane. Namuuliza, una sukari? Ninayo, miaka kumi sasa. Kliniki huwa wanakueleza nini? Ananitajia macho, figo, moyo, vidonda vya miguu. Bega hajatajiwa na mtu. Na ukweli ni kwamba katika watu 100 wa kawaida, wanaopatwa na bega la kuganda maishani ni kati ya 2 na 5. Kwa wenye kisukari wanafika 10 hadi 20. Hilo si jambo la kumficha mtu.

Bega limeumbwaje? Chukua chungwa ulikalishe juu ya kisahani cha kikombe cha kahawa. Chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono, kisahani ni sehemu ya kombe la bega. Ndiyo maana mkono unazunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na ndiyo maana bega huteguka kwa urahisi. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni misuli minne midogo ambayo kano zake zimekikumbatia kichwa cha mfupa, na chini yake kuna kifuko chembamba kinachozunguka kiungo chote. Kifuko hicho kwa kawaida kimelegea. Upande wa kwapani kina mikunjo, na mkono ukipanda mikunjo hukunjuka.

Bega linapoganda, kifuko hicho huvimba, kisha huwa kinene na kusinyaa. Mikunjo hupotea. Sukari inaingiaje hapa? Kifuko kimefumwa kwa nyuzi za kolajeni, protini inayoipa mishikizo ya mwili uimara. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, hunata kwenye nyuzi hizo na kuzishikamanisha, zikawa ngumu. Si begani peke yake. Hebu kutanisheni viganja mbele ya kifua, vidole kwa vidole. Mwenye nafasi inayobaki katikati ya vidole, havilali vikagusana, hizo ni nyuzi zilezile za mikononi. Amwambie daktari wake siku ya kliniki.

Ugonjwa wenyewe una safari yake, na ni safari ndefu. Huanza na maumivu, hasa usiku, ukilalia upande ule unaamka. Miezi kadhaa hivyo, na mkono unapungua kidogo kidogo. Kisha maumivu hutulia, lakini mkono umefungwa. Halafu pole pole hulegea. Tangu mwanzo hadi mwisho ni mwaka mmoja hadi mitatu, na mwenye kisukari huchelewa zaidi. Wengi hurudi vizuri. Wengine hubaki na ugumu kiasi, na siwezi kuwaahidi kinyume.

Sisi wataalamu tunapima digrii za mzunguko. Mgonjwa anapima kwa maisha yake. Mama hawezi kufunga sidiria wala kufika kisogoni asuke nywele. Baba hawezi kushika bomba la daladala, na kwenye takbira mkono mmoja unafika sikioni, mwingine unaishia kifuani. Na kuna jambo ambalo watu huniambia baada ya kufunga mlango, nalo nitalisema hapa kwa heshima yenu wote. Likiganda bega la kushoto, mtu hawezi kujisafisha chooni. Nimeona watu wazima wakilia kwa hilo, kuliko walivyolia kwa maumivu. Kama ndilo lililokuleta, liseme la kwanza. Tutaanza na mzunguko huohuo wa kupeleka mkono nyuma.

Sasa nifike kwenye neno linalotuponza. Mtaani kila bega linalouma ni baridi yabisi. Ukisema baridi yabisi, dawa inajulikana: kuchuliwa, kuvutwa, mafuta ya moto. Lakini begani mna magonjwa tofauti, na kuna swali moja linalotenganisha mengi: mkono usiopanda, je, mwingine akiuinua unapanda?

Lala chali, mwenzako ashike kiwiko aupandishe mkono taratibu. Kama wewe mwenyewe huwezi kuuinua, naye akiuinua unakwenda mpaka juu, basi kiungo hakijafungwa. Hapo tunashuku kano. Inawezekana imechakaa, au imekatika, hasa kama ulianguka ukiwa na miaka 60 na zaidi. Huyo aonwe mapema, kwa sababu kano iliyokatika kwa ajali ikiachwa muda mrefu misuli yake hunyauka. Kama naye hawezi, mkono umegoma kwake kama ulivyogoma kwako, kiungo kimefungwa. Hapo ni bega lililoganda, au gegedu la kiungo, ule utelezi mgumu unaofunika ncha za mifupa, limelika, au bega limeteguka na halikurudishwa. Picha ya eksirei hutenganisha: kwenye bega lililoganda mifupa huonekana mizima. Ndugu zetu wenye seli mundu nao wapigwe picha, kwa sababu kichwa cha mfupa huo kinaweza kukosa damu kikafa.

Na bega linaweza kuuma halina kosa. Maumivu ya bega au mkono yanayokuja na jasho jembamba, kichefuchefu au pumzi kubana, ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo, na kwa mwenye kisukari moyo unaweza kuumia bila kifua kuuma sana. Usingoje asubuhi. Vivyo hivyo bega lililovimba, la moto, na una homa: huenda ni usaha ndani ya kiungo. Hayo mawili hayana mazoezi.

Turudi kwenye kuvutwa. Mzee mmoja aliniletea mkono umening'inizwa kwa kanga shingoni. Bega lake lilikuwa limeganda miezi mitano, akapata mtu wa kulifungua. Wawili walimshika, wa tatu akavuta. Kifuko hakikufunguka. Ulivunjika mfupa. Sisemi wakandaji wote ni wabaya. Mkono mwepesi kwenye misuli ya shingo na mgongo hutuliza, nami hufanya hivyo. Ninachokataa ni nguvu kwenye kiungo kilichofungwa.

Wala si hisia zangu tu. Mwaka 2004 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya wagonjwa 77 waliofuatiliwa miaka 2. Kundi moja lilifanyishwa mazoezi makali, likinyooshwa kupita mpaka wa maumivu. Jingine lilielezwa ugonjwa, likapewa mazoezi mepesi ndani ya kile linachokiweza. Lililokazwa, asilimia 63 walifikia bega la kawaida au karibu na kawaida. Lililopewa wepesi, asilimia 89.

Kwa hiyo matibabu yanafuata safari. Wakati wa maumivu makali, kazi ni kutuliza. Parasetamoli kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hujinunulia dukani kama peremende, zinaumiza figo na kupandisha presha, na wengi wenu figo ndizo mnazozilinda. Usimeze bila daktari kukuruhusu. Sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ndani ya kiungo, ikipigwa mapema na anayeijua, hupunguza maumivu vizuri. Lakini itapandisha sukari kwa siku kadhaa. Mwambie anayekuchoma kwamba una kisukari, na upime kila siku wiki hiyo. Operesheni ipo, ni ya wachache. Waingereza walichapisha ulinganisho mwaka 2020, wagonjwa 503: mazoezi pamoja na sindano, kulegezwa bega chini ya usingizi, na operesheni ya kukata kifuko. Hakuna njia iliyoziacha nyingine mbali.

Mazoezi ni kila siku, kidogo kidogo, mara tatu au nne. Lala chali, mkono mzima uubebe ule mgonjwa, upande juu mpaka unapofika. Shika mwiko kwa mikono miwili, kiwiko ubavuni, mkono mzima uusukume mgonjwa nje, kama tulivyofanya mwanzo. Kuvutika utakusikia. Maumivu yakitulia muda mfupi baada ya kumaliza, uko sawa. Yakikunyima usingizi usiku, umezidisha, punguza, usiache.

La kwanza kabisa tutalifanya pamoja, nalo lilitoka kwa daktari wa Boston, Ernest Codman, huyohuyo aliyeupa ugonjwa huu jina la “bega lililoganda” mwaka 1934. Simameni. Shika mgongo wa kiti kwa mkono mzima. Inama kidogo, legeza magoti. Uache mkono mgonjwa uning'inie kama kamba ya ndoo kisimani. Usiuchezeshe wewe, yumbisha kiwiliwili, mkono ufuate wenyewe. Mbele na nyuma. Wazee wenye kizunguzungu fanyeni mmeketi, mkono uning'inie pembeni. Tunahesabu mpaka 20, halafu duara ndogo. Moja, mbili.